Kingamwili hazijaonekana, mbona bado wanamtundikia dawa?

Dokta shikamoo. Shemeji yangu alishikwa na homa na kichwa, siku ya pili akaanza kuongea ovyo, anamwita mkewe jina la marehemu mama yake, usiku degedege. Malaria hana. Wakamtoa maji ya uti wa mgongo wakapima kingamwili za kirusi cha hepesi, hamna kitu. Sasa mbona wanamtundikia asaikloviri, dawa ya hepesi, kila masaa 8 na wanasema kipimo watarudia? Ndugu wanasema tunaliwa hela tu. Msomaji, Morogoro

Marahaba. Kwanza msimtoe hospitali, na hiyo dripu isikatishwe. Kingamwili sio kirusi chenyewe, mwili ndo unazitengeneza baada ya kuvamiwa na unachukua muda, hepesi ikiingia kwenye ubongo mara nyingi inapita wiki au zaidi ndo zinaonekana kwenye yale maji ya mgongo, kwa hiyo mgonjwa wa siku ya tatu akikutwa hana bado hujajua kitu. Kipimo cha siku za mwanzo ni PCR, kinatafuta vinasaba vya kirusi, ulizeni kama kimefanyika, ingawa nacho siku 3 za kwanza kinaweza kukosa. Ndo maana dawa haisubiri majibu. Hepesi ya ubongo bila dawa inaua karibu watu 7 kati ya 10, na ikithibitika dripu inaenda siku 14 mpaka 21, vidonge havitoshi.

Sisemi kingamwili hazina kazi jamani. Kirusi cha West Nile kwa mfano, kile kilichogunduliwa Uganda 1937, chenyewe tunategemea sana IgM, kingamwili za mwanzo, zinaanza kuonekana kati ya siku ya 3 na ya 8 ya kuumwa. Na IgM ni kubwa, haipenyi kirahisi kutoka kwenye damu, ukiikuta kwenye maji ya mgongo ujue imetengenezwa huko huko. Ila mkiletewa karatasi inasema damu ina IgG ya hepesi, yaani kingamwili zinazobaki muda mrefu, msitishike, watu wazima wengi tunayo na hata hatujui tuliipata lini.

Wakirudia, wachukue damu na maji ya mgongo siku moja walinganishe. Na figo ulizieni kila siku, asaikloviri inaweza kugandia humo mgonjwa asipopewa maji ya kutosha.