Kisamvu cha mpira na uchungu unaogoma kutoka

SWALI: Gengeni wananiuzia kisamvu kilichotwangwa, wanasema ni "cha mpira". Mpira na mboga wapi na wapi? Halafu nikichuma majani ya muhogo shambani na kuyapika mwenyewe, yanakuwa magumu na machungu hata nikitia magadi. Na kwa nini watu wanakiita chakula cha dhiki?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mpira wenyewe ni ule wa matairi. Mti wake ni ndugu wa muhogo, asili yake kaskazini-mashariki mwa Brazil. Wajerumani waliupanda kwa wingi huku mwanzoni mwa karne ya 20 ili wageme utomvu. Mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, miti ikabaki bila kazi, na majani yake, yanayofanana na ya muhogo, yakaishia kinuni. Baadaye watafiti wa kituo cha kilimo cha Amani, kule Usambara, waliuchanganya na muhogo kutafuta mbegu zinazohimili magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia.

Uchungu wako unaanzia kwenye kutwanga, na magadi hayausaidii. Ndani ya jani, sumu ya sianidi imefungwa kwenye sukari, na kimeng'enya cha kuifungua kimekaa pembeni yake. Mchi ukiponda jani, viwili hivyo hukutana, sumu hufunguka na kuwa hewa. Ukitumbukiza majani mazima kwenye maji yanayochemka, unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu inabaki humo humo. Ndiyo maana bibi zetu walitwanga kwanza.

Chuma majani manne au matano ya kileleni, toa vikonyo vyote (hivyo ndivyo nyuzi unazotafuna). Kwa kilo moja, twanga pamoja na punje nne za kitunguu saumu mpaka usiweze tena kutambua jani. Mashine ya kusagia nyama inafaa; kisu hakitoshi. Acha nusu saa, kisha chemsha kwenye lita mbili za maji bila kufunika, maana mfuniko hurudisha mvuke chunguni. Saa nzima si nyingi. Nyanya na ndimu visubiri, kwani uchachu huzuia majani kulainika. Maji yakikaribia kukauka ndipo utie tui la pili, na tui zito mwishoni kabisa, ukikoroga kwa moto mdogo lisije likakatika. Wa bara wataunga kwa karanga. Ni sawa tu.

Hilo la dhiki lina historia yake. Muhogo hukaa ardhini muda mrefu na nzige hawaufikii mzizi wake, kwa hiyo utawala wa Kiingereza ulishurutisha watu waulime kama akiba ya njaa. Chakula unachopandishwa kwa amri hakipati heshima, na jani likabeba aibu ya mzizi. Kwingine halina aibu hiyo. Kinshasa kisamvu, wanachokiita pondu, huandaliwa harusini; Wakongo wa mashariki wanakiita sombe. Na Belém, Brazil, majani hayo hayo huchemshwa takriban siku saba, yakatiwa nyama ya nguruwe, na kuliwa kila Oktoba katika sikukuu ya Bikira Maria wa Nazareti, tajiri na maskini meza moja.