Mama katolewa uvimbe wa kongosho, kaambiwa "mwaka na nusu": namba hiyo inatoka wapi?

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama ule mwaka na nusu aliokutajia daktari baada ya mama kufanyiwa Whipple, oparesheni ya kukata kichwa cha kongosho pamoja na kipande cha utumbo, ni wa kuaminika. Mimi si daktari. Nilimuuguza mzee wangu, na sisi tulitajiwa karibu hivyohivyo. Mzee akaishi miaka mitatu na miezi miwili. Jirani yake wa kitanda, mdogo kwake kwa umri, aliyetoka wodini akitembea mwenyewe, hakumaliza mwaka.

Namba hiyo ni ya katikati. Wapange kwenye mstari wagonjwa mia waliopasuliwa, aliyewahi kuondoka mwanzo, aliyekaa sana mwisho, kisha mtazame wa hamsini. Kinachomsogeza mama huku au kule kimeandikwa kwenye majibu ya nyama, yale ya patholojia. Sisi tuliambiwa tu "tumeutoa wote, mshukuruni Mungu". Karatasi yenyewe tuliipata baada ya wiki sita za kuganda masjala. Wewe idai mapema.

Ukiipata, anza na aina. Adenokasinoma ya kongosho lenyewe, yaani kansa inayoanzia kwenye vijirija vyake, ndiyo kali. Uvimbe ulioanzia pale mrija wa nyongo unapoingia utumbo mdogo hupasuliwa vilevile, lakini kwa kawaida wenye huo huishi zaidi. Na atakayekuletea habari za Steve Jobs, kwamba alipasuliwa 2004 akafika 2011, mwambie ile ilikuwa ya nyuroendokrini, yaani ya seli zinazotengeneza homoni, ugonjwa mwingine kabisa.

Kisha tezi za limfu, wengine huita mitoki. Zisipokutwa na kansa ni N0, zikiwa 1 hadi 3 ni N1, kuanzia 4 ni N2. Mzee aliandikiwa 2/9, mbili zenye kansa kati ya tisa zilizopimwa. Nikashangilia ile mbili, mpaka daktari mmoja kijana akaniwekea kidole kwenye tisa: inashauriwa zipimwe angalau 12, maana anayetafuta kidogo huona kidogo. Sikulala usiku ule. Karibu na hapo utaona R0, yaani ukingo walipokata ni safi, au R1, kuna chembe za kansa zimebaki, pamoja na ukubwa wa uvimbe. Mipaka ya madaraja ya ukubwa huo ni sentimita 2 na 4.

CA 19-9, kipimo cha damu cha kufuatilia kansa hii, ya kabla ya oparesheni isikutoe roho kama mama alikuwa na macho ya njano. Nyongo ikiziba, kipimo hupanda chenyewe. Cha mzee kilishuka sana alipowekewa tu mrija wa kuizibua. Cha baada ya kupona kidonda ndicho cha kuangalia: kikikataa kushuka kuelekea 37, ambayo ndiyo kikomo cha kawaida, muulize daktari kwa nini. Ila kuna watu, kama 5 hadi 10 kwa mia, ambao damu yao haitengenezi kitu hicho kabisa, kwa hiyo kipimo kizuri kwao hakisemi lolote.

Halafu kuna jambo ambalo haliko kwenye ripoti, nalo ndilo mliloshika nyinyi: kemo. Utafiti wa PRODIGE 24 uliotoka 2018 ulipata namba ya katikati ya kuishi kuwa miezi 54 kwa waliopewa FOLFIRINOX (mchanganyiko wa dawa kadhaa za kemo) iliyopunguzwa makali, na 35 kwa gemsitabini, dawa moja ya kemo, pekee. Hao walichaguliwa wakiwa na nguvu, usiibebe 54 ukampa mama. Mzee, na miaka yake 68, alipewa gemsitabini. Uchambuzi wa ESPAC-3, utafiti mwingine wa kemo baada ya oparesheni, nao ulionyesha kwamba kumaliza mizunguko yote sita kulihusiana na kuishi zaidi kuliko kuwahi kuanza, hivyo wiki chache za kupata nguvu si hasara.

Na nguvu ndiyo iliyotushinda mwanzoni. Mzee alikuwa anakula, uji wa lishe, samaki, parachichi, na bado suruali inamvuka. Choo kinaelea, kina mafuta, kinanuka vibaya, naye anaona haya kusema. Miezi miwili tukidhani kansa imerudi, kumbe kongosho lililobaki halitoi vimeng'enya vya kutosha. Akaandikiwa vidonge vya vimeng'enya, anavimeza katikati ya mlo, si baada ya kula. Kilo zikarudi, akamaliza mizunguko. Muulize mama kuhusu choo leo, na umuulize wewe mwenyewe, asiulizwe mbele za wageni.

Ukipata ripoti, ficha jina uweke hapa aina, ile hesabu ya tezi na R. Tutaisoma pamoja kabla hujarudi kliniki.