Maswali ya Wasomaji: Kiungo Kinapokatika Njiani

SWALI: Natumia Linux. Nikiandika xdg-open kisha nikabandika kiungo cha matokeo ya utafutaji, kivinjari kinafunguka vizuri ila kinanipeleka ukurasa wa kwanza, wakati kiungo ni cha ukurasa wa pili. Nikikibandika kwenye kivinjari chenyewe, hakina shida.

JIBU: Kivinjari hakina kosa. Kiungo kimekatwa na sheli, yaani programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali, kabla hakijafika huko. Tuseme umeandika hivi:

`xdg-open https://example.com/tafuta?neno=bahari&ukurasa=2`

Kwa Bash, sheli ya kawaida ya Linux nyingi, alama ya & ni mwisho wa amri: kilichotangulia kiendeshwe chinichini, kinachofuata ni amri nyingine. Kivinjari kinapewa anwani inayoishia kwenye "bahari", na ukurasa=2 inageuka kuwa kigeu cha sheli (jina linalohifadhi thamani), kimya kimya, bila onyo lolote. Dalili ni ile namba kwenye mabano ya mraba, mfano `[1] 4821`, inayotokea mara tu ubonyezapo Enter. Ukiiona, kiungo chako kimeshakatwa. Zingira anwani yote kwa alama za kunukuu:

`xdg-open 'https://example.com/tafuta?neno=bahari&ukurasa=2'`

Tumia nukuu za mkato mmoja, si za mikato miwili. Ndani ya mikato miwili, alama ya $ bado inatafsiriwa na sheli, na ukiwa unaandika moja kwa moja kwenye terminali hata ! huleta vituko. Kiungo chenyewe kikiwa na mkato mmoja ndani yake, andika %27 mahali pake.

Wanaotumia Zsh, ambayo ndiyo sheli ya kawaida ya macOS tangu 2019, wanapata tatizo lilelile kwa sura nyingine: alama ya kuuliza inachukuliwa kuwa ya kutafuta majina ya mafaili, na amri inagoma kwa ujumbe `no matches found`. Dawa ni hiyohiyo. Na msisahau https:// mwanzoni. Bila hiyo, xdg-open inadhani example.com ni faili na kulalamika kwamba halipo.

SWALI: Kwenye Windows nimeweka kiungo ndani ya nukuu kama mnavyoshauri siku zote, lakini start inanifungulia dirisha jeusi tupu.

JIBU: Lisome jina la dirisha hilo hapo juu: ni kiungo chako. Amri ya start huchukua maneno ya kwanza yaliyo ndani ya nukuu kuwa jina la dirisha. Ipe jina tupu kwanza:

`start "" "https://example.com/tafuta?neno=bahari&ukurasa=2"`

Ukiiweka amri hii kwenye faili la .bat, kila % iliyo ndani ya kiungo iandike mara mbili, yaani %20 iwe %%20, la sivyo sehemu ya anwani inamezwa. PowerShell haina mzunguko huu: `Start-Process 'https://example.com'` inatosha.

SWALI: Nimebadilisha kivinjari chaguo-msingi kwenye Linux, lakini terminali bado inafungua kile cha zamani.

JIBU: Anza kwa kuuliza mfumo wenyewe unaamini nini:

`xdg-settings get default-web-browser`
`xdg-mime query default x-scheme-handler/https`

Majibu mawili yakitofautiana, mpangilio wako umebadilika nusu. Kuweka upya:

`xdg-settings set default-web-browser firefox.desktop`

Hapo wengi hukwama kwenye jina. Si jina la programu bali la faili lake la .desktop, na linategemea ulivyoisakinisha, mfano kwa Snap au Flatpak, ambazo ni njia mbili za kusakinisha programu: Firefox ya Snap kwenye Ubuntu ni firefox_firefox.desktop, ya Flatpak ni org.mozilla.firefox.desktop. Angalia /usr/share/applications kwanza. Amri ikikataa na kutaja $BROWSER, basi kigeu hicho kimewekwa mahali fulani, aghalabu ~/.bashrc au ~/.profile, futa mstari huo, fungua terminali mpya, rudia.

SWALI: Nina faili lenye viungo vingi, kila kimoja mstari wake. Nawezaje kuvifungua vyote kwa mpigo?

JIBU: Amri ya open ya macOS inakubali viungo kadhaa kwa pamoja. Xdg-open inapokea kimoja tu, kwa hiyo zungusha:

`while read -r k; do xdg-open "$k" </dev/null; sleep 1; done < viungo.txt`

Hapa mikato miwili ni lazima, maana tunataka $k itafsiriwe. Kipande cha </dev/null kinazuia programu inayofunguliwa isisome mistari iliyobaki ya faili lako. Fungua kivinjari kabla ya kuanza, kwa sababu kwenye baadhi ya mazingira amri ya kwanza husubiri mpaka kivinjari kifungwe ndipo iendelee. Hakikisha pia mstari wa mwisho umemalizika kwa Enter, au read itauruka.

SWALI: Nimeingia kwenye seva kwa SSH na xdg-open haifungui kitu.

JIBU: Inajaribu kufungua kivinjari kule kwenye seva, ambako hakuna skrini. Chapisha kiungo kwa echo, kinakili, ukifungue kwenye kompyuta uliyokalia. Na kujaribu kwa sudo hakusaidii: kivinjari kitataka kuendeshwa kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, jambo la hatari hata pale linapokubali.