Kaunta ya sarafu na ugomvi wa dukani

Mashine yangu ya kwanza ya gemu niliiunda kwa mbao za kabati kuukuu na nikaiweka dukani kwa jamaa mmoja. Makubaliano yalikuwa mepesi: Jumapili tunasoma kaunta, kile kidude cha namba kinachohesabu sarafu, tunagawana nusu kwa nusu. Wiki ya kwanza kaunta ilisema 312, kisandukuni tukahesabu sarafu 247 za shilingi kumi. Ufunguo alikuwa nao yeye. Alinitazama, nikatazama chini.

Hakuna aliyeiba. Nyuma ya kabati nilikuwa nimeweka kitufe cha kujaribia gemu bila kutia hela, na kaunta nilikuwa nimeiunga, kupitia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kwenye waya uleule wa ishara unaokwenda kwenye enkoda, ile saketi ndogo inayoipa gemu habari za vitufe na sarafu. Watoto wa jamaa walikigundua kitufe. Kila wakikibonyeza, gemu linaanza na kaunta inapanda.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kaunta ifuate sarafu yenyewe, isifuate krediti, yaani nafasi za kucheza. Vipokezi vingi vya volti 12, vile vinavyotambua sarafu ikitiwa, vina waya nne: chanya, hasi, ishara na waya wa kaunta. Kwenye changu ulikuwa wa kijivu, lakini usiamini rangi, soma kibandiko. Mguu mmoja wa kaunta unaenda kwenye chanya ya volti 12, wa pili kwenye huo waya. Sarafu ikipita, kipokezi kinauvuta waya kwenye hasi kwa kitambo kidogo na namba inaruka. Kama kipokezi chako hakina waya huo, tumia rilei, ila kitufe cha majaribio kihamishie kwenye tundu jingine la enkoda.

Usije ukaiunga kaunta moja kwa moja kwenye enkoda. Pima kwa mita koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani yake: ukipata omu 150, kwa volti 12 inakula miliampea 80, na tundu la kitufe halikuumbwa kwa mzigo huo. Volti 12 isiguse enkoda kabisa, kwani yenyewe inaishi kwa volti 5 za yuesibii. Hasi za pande zote mbili ndizo unazounganisha. Ukiziacha mbalimbali, sarafu itapita na gemu halitajua.

Halafu dayodi, kile kijiti kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Mimi niliiruka, nikaona ni kitu cha shilingi chache kisicho na maana. Umeme ukikatika kwenye koili, koili hurusha volti kubwa kinyumenyume, na kelele hiyo ikiingia kwenye waya za jirani unaweza kuona krediti zinajiongeza zenyewe au enkoda inazimika ghafla. Chukua 1N4007, ichomee kwa lehemu juu ya miguu ya kaunta, upande wenye mstari mweupe ukiwa kwenye chanya. Ukiigeuza, umeme utapita ndani yake badala ya koili, na pengine utakiunguza kipokezi.

Kasi nayo. Pembeni mwa kipokezi kuna swichi ndogo ya kuchagua urefu wa mpigo, ile ishara fupi ya umeme inayotoka sarafu ikipita. Kaunta ya kuhesabu mara 10 kwa sekunde inahitaji kama milisekunde 50 za umeme na 50 za kupumzika. Ukiweka kasi ya juu kabisa itabaki ikitetemeka bila kuruka, hasa kama umeipangia sarafu ya ishirini itoe mipigo miwili. Weka polepole, mchezaji hatalalamika.

Kwa walio Kenya, kifundishe kipokezi sarafu za zamani zenye vichwa vya marais na hizi za wanyama zilizotoka 2018, kila aina kwa nafasi yake. Zote zinatumika, na ukisahau moja utaitwa dukani kila siku. (Na mashine yako ikianza kutema sarafu, hiyo ni kamari, tafuta leseni kwanza.)

Kabla ya kuipeleka, tia sarafu 50 moja baada ya nyingine huku ukitazama namba, kisha bonyeza kitufe cha majaribio mara kumi. Namba ikiwa imepanda 50 kamili, funga. Kaunta za aina hii nyingi hazirudi sifuri, kwa hiyo namba ya kuanzia iandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango, mwenye duka akiwa amesimama hapo.