Maswali ya Wasomaji: Siku Tatu Washington, D.C.

Swali: Tunakwenda Washington Aprili, siku tatu, na watoto wawili. Tiketi za makumbusho tukate mapema, au hata mlangoni tutapata?

Majumba ya makumbusho ya Smithsonian, taasisi ya taifa ya Marekani, hayatozi kiingilio, na mengi hayana hata tiketi. La viumbe na historia ya asili, kwa mfano, mnaingia tu, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Yanayowaponza wageni ni mawili: la ndege na vyombo vya anga, na la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa 2016. Tiketi zao ni za bure lakini zina saa ya kuingia, na katika msimu wa maua ya micheri tiketi hizo huisha upesi. Zichukueni mtandaoni kabla ya kusafiri.

Hilo la Wamarekani Weusi lianzeni chini. Lifti kubwa huwashusha hadi karne ya 15, kisha mnapanda taratibu, ghorofa kwa ghorofa, mkifuata miaka. Sehemu hiyo ya chini peke yake inakula saa mbili na zaidi. Wanaoanzia juu, kwenye muziki na michezo, hufika chini miguu imekwisha na watoto wanalia njaa.

Mnara wa Washington (mita 169) ndio wenye mtego. Tiketi zake hufunguliwa mtandaoni siku 30 kabla, saa nne asubuhi ya kule, kwa ada ya dola 1 kila moja. Sasa angalieni: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Kabla ya siku hiyo, saa nne yao ni saa kumi na mbili jioni Nairobi na Dar es Salaam. Baada yake ni saa kumi na moja. Kwa safari ya Aprili, siku ya kukata inaweza kuangukia upande wowote, na ukichelewa saa nzima huenda ukakuta patupu. Ukikosa, kuna za siku hiyohiyo, bure, kwenye kibanda cha mtaa wa 15 kuanzia saa mbili na dakika 45 asubuhi. Nendeni mapema zaidi. Foleni haingoji kibanda kifunguliwe.

Swali: National Mall (ule uwanja mrefu wa makumbusho na kumbukumbu) yote inatembeleka kwa siku moja?

Kwa miguu ya mtu mzima, ndiyo. Kwa watoto, hapana. Kutoka bunge la Capitol hadi sanamu ya Rais Lincoln ni zaidi ya kilomita tatu, kwenda tu. Igaweni: mashariki kwenye makumbusho mchana, magharibi kwenye kumbukumbu jioni, kwa kuwa pa Lincoln hapafungwi usiku. Mkishuka ngazi 18 kutoka kwenye sanamu, tazameni sakafuni: yamechongwa maneno yanayoonyesha alipohutubia Martin Luther King tarehe 28 Agosti 1963. Wengi hupakanyaga bila kujua.

Swali: Ikulu yao je, na bunge?

Ikulu msiijengee ratiba. Mgeni huelekezwa kwa ubalozi wa nchi yake, na hakuna uhakika. Itazameni kwa nje, upande wa Lafayette Square. Capitol ndiyo inayowezekana: ziara ni bure, huwekwa mtandaoni, ila Jumapili hakuna. Chakula na vinywaji haviruhusiwi mlangoni, kwa hiyo watoto wale kabla. Kutoka humo kuna njia ya chini ya ardhi hadi Maktaba ya Bunge, ambayo nayo hudai tiketi ya bure yenye saa, na hufungwa Jumapili na Jumatatu.

Swali: Kadi moja ya treni ya Metro inatutosha sote?

Haitoshi. Nauli hutegemea umbali, hivyo kila msafiri anayelipa hugusisha kadi yake akiingia na ileile akitoka. Na ndani ya treni hamruhusiwi kula wala kunywa.