Siasa jukwaani: anzia jikoni, dada

Dada mchekeshaji, unasema ukumbi hapo Nairobi hucheka ukisimulia mambo ya wakwe, lakini ukigusa siasa watu wananyamaza, nawe unahisi ni kwa sababu wewe ni mwanamke. Sidhani tatizo ni uanamke wako. Unaanza na majina ya wakubwa, na papo hapo kila meza inajiuliza uko upande wa nani.

Anza na kinachouma nyumbani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate. Hapo waziri hahitajiki mwanzoni: muigize mama anayekata mkate, vipande vyembamba hadi watoto wanaonana kupitia kwavyo. Wakishacheka, ndipo uulize nani aliyeuandika mswada ule. Lakini huo ulishaondolewa, na utani wa siasa huchacha upesi. Tafuta kilichopanda bei wiki hii.

Usiyatupe ya wakwe. Mkwe anayegawa nyama kwa upendeleo ni mbunge kamili na mgao wa CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge! Na mlevi akikufokea kwamba siasa uwaachie wanaume, muulize bei ya unga, kisha nyamaza umsubiri ajibu.