Shangazi, kaka anataka baba awe shujaa wa Kampala

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 38 naishi Ukonga hapa Dar, baba yetu amefariki mwezi uliopita, alikuwa Meja mstaafu wa JWTZ. Siku ya kumzika hatukusoma kitu, kila kitu kilikuwa haraka haraka, sasa arobaini inakuja na familia imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu eti kwa sababu ndo mwalimu. Hapo ugomvi ukaanza. Kaka yangu kashaandika wa kwake, unasema "aliongoza wapiganaji kuikomboa Kampala mwaka 1978". Alafu juzi kaja baba mdogo mmoja waliyekuwa naye jeshini, kutoa pole, tukapiga stori akaniambia baba yenu alikuwa luteni upande wa usafirishaji, mambo ya malori, na Kampala hakufika, aliishia Masaka, mji wa njiani hukohuko Uganda. Nikamwambia kaka akaja juu, anasema namshusha marehemu.

Baba mwenyewe hakuwahi kutusimulia. Ukimuuliza ile vita ya Kagera anakwambia "tulienda tukarudi" basi, anaongeza sauti ya redio. Ila kila tarehe 25 Julai anavaa suti, anakaa mbele ya tivii anaangalia sherehe za Siku ya Mashujaa, na hataki mtu aongee mpaka iishe. Mi ninavyovikumbuka ni vitu vidogo vidogo, anaamka saa kumi na moja, anatandika kitanda mwenyewe shuka limekazwa utadhani limepigwa pasi, Jumapili jioni anapanga viatu vyetu vya shule barazani anavipiga kiwi yeye mwenyewe. Na usiku wa mabomu ya Gongo la Mboto mwaka 2011, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka, majirani walikuwa wamesafiri wameacha watoto, baba akawakusanya wale na wa kwetu, wakawa saba, akawashikisha kanga ya mama ndefu ndefu, akawatembeza kwa mguu mpaka Tazara anawahesabu kila penye taa. Je haya yanaandikika kwenye wasifu wa mwanajeshi, au kaka yuko sahihi? Na kombati zake tufanyeje, kaka anazitaka.

Binti wa Meja, Ukonga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana hapo nyumbani, mama mpe pole yangu.

Tuanze na sentensi ya kaka maana ina matatizo hata kabla hatujafika kwenye malori. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza kumpiga tarehe 2 Novemba, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Kwahiyo mwaka 1978 hakuna aliyeikomboa Kampala, hata Jenerali. Sasa piga picha siku ya arobaini, wazee wenzake baba wamekaa viti vya mbele chini ya tenti na kofia zao, halafu kaka anashika maiki anasoma hiyo. Hawatasema kitu, wazee wale wana adabu, wataangaliana tu. Ila ndani ya daladala wakirudi makwao, mwanangu, marehemu atachambuliwa kituo kwa kituo na yeye hajatenda kosa lolote. Huko ndo kumshusha mtu.

Sasa malori. Kaka anaona lori ni aibu kwa sababu hajakaa akafikiria. Askari wetu wengi walikwenda Uganda kwa miguu, sawa, lakini unga hauna miguu, wala maharage, wala dizeli, wala mabomu ya mizinga. Kutoka hapa Dar mpaka mpaka wa Uganda ni zaidi ya kilomita 1,000, barabara za wakati huo siyo hizi za lami mnazoteleza nazo kwenda Bukoba na basi lenye kiyoyozi. Serikali ilichukua mpaka malori na mabasi ya raia kwa ajili ya kubeba jeshi. Daraja la Kyaka pale mto Kagera Waganda walikuwa wamelilipua, mpaka likawekwa la muda ndo magari yakapita. Masaka ikachukuliwa Februari 1979, mwezi uliofuata yakaja mapigano ya Lukaya, kwenye njia ya kwenda Kampala, ambapo wanajeshi wa Libya waliletwa kumsaidia Amin. Waliopigana kule mbele risasi zao zilipita mikononi mwa watu wa aina ya baba yako. Luteni kijana kafikisha lori Masaka, unamshusha wapi tena?

Ila na wewe usije ukapanda dau. Hayo niliyosema ni ya vita nzima, ya baba yako binafsi mimi siyajui na wewe bado unayajua nusu. Mfuate baba mdogo kabla ya arobaini, mpelekee hata kilo ya sukari, washa simu irekodi, umuulize maswali madogo. Usimuulize "baba alikuwa shujaa?", atakwambia ndiyo na mazungumzo yameisha. Muulize lori lilikuwa la aina gani, likikwama walilitoaje, walilala wapi, walikula nini, nani walikwenda naye hakurudi. Halafu mama afungue kabati, cheti cha kustaafu kina tarehe na cheo, picha za zamani geuza nyuma watu walikuwa wanaandika. Nishani ukiikuta itaje kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi yake, usipoikuta usiitaje.

Hiyo ya 25 Julai iandike kama ulivyoniandikia mimi. Askari wengi waliokufa vita ile wamelala Kaboya, kule Muleba, na mzee anayevaa suti sebuleni kwake kuangalia tivii ana mtu anayemkumbuka. Ni nani, hakusema, basi usimtilie maneno mdomoni. Weka suti, weka ukimya, endelea na aya nyingine.

Sasa nije kwenye kanga, maana barua yako niliisoma mara mbili kwa sababu ya hiyo kanga. Usiku ule wa 16 Februari tunaukumbuka wengi, watu wanakimbia barabara ya Pugu gizani kila mtu na njia yake, kesho yake wazazi wanatafuta watoto waliopotezana nao, wengi walikusanywa uwanja wa Uhuru pale. Na mzee wako, mstaafu, anatembea na watoto saba, nusu siyo wake, anahesabu Banana, anahesabu kiwanja cha ndege, anahesabu Vingunguti, na wote saba wakarudi. Mwanangu huyo si ndo yule yule luteni wa usafirishaji! Mzigo ulioandikwa saba unafika saba. Wewe umeniandikia hiyo habari mwishoni kabisa kama kitu cha kuombea ruhusa, mimi ningeanza nayo. Hao watoto wa jirani sasa ni watu wazima, waulize wanakumbuka nini, mmoja wao akikubali asimame aseme mwenyewe.

Viatu na kiwi weka, kitanda weka. Na mama usimsahau, wake za wanajeshi wanahamishwa hamishwa, au wanabaki na watoto peke yao miezi na miezi, na kwenye wasifu wanapewa mstari mmoja tu "ameacha mjane". Mpe aya yake, tena umuulize kwanza anataka isemeje. Yote isizidi dakika saba hivi, watu wanakuwa wananusa pilau.

Kaka mpe asome yeye. Nasema kweli, muandikie vizuri halafu mkabidhi maiki, sauti nene inafaa kwenye sehemu ya Masaka, na akiisoma mbele ya wale wazee akaona wanavyotikisa kichwa atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta.

Kombati asivae, raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, atakuja kukamatwa bure barabarani. Baba mdogo aulize kikosini zinarudishwaje. Viatu vya nyumbani bakini navyo, ila msivitupe stoo vikaota ukungu, mvipige kiwi.

Shangazi